Picha Ambayo Sikummalizia Zuhura

Sina ugomvi na picha za sinema za anga za juu, ila nina maswali. Watu wa miaka elfu ijayo wanafua wapi? Nimeona chombo kikubwa kama mtaa mzima wa Umoja kikipasua mbingu, kimebeba mamia ya watu, na sijaona kamba hata moja ya kuanikia nguo. Hakuna anayesonga ugali, hakuna anayezozana na jirani kuhusu zamu ya kuosha choo. Wote wamevaa nguo za kubana, wanatembea kwa haraka kwenye korido, na kila mlango unajifungua wenyewe ukisema fyuu. Hapo kwenye milango ndipo mimi huinuka nikaenda jikoni. Binti yangu Neema husema nimezeeka kabla ya wakati. Sijazeeka. Nina sababu yangu, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Majuzi, Jumapili mchana, nilikuwa nikipiga pasi sare zake za shule. Yeye amejilaza kwenye kochi na tableti kifuani. Nikasikia mlio. King'ora cha kukatakata, vitatu vifupi na kimoja kirefu, halafu mwanamke anahema ndani ya kofia ya chuma. Nilisimama pale na pasi imekaa mahali pamoja mpaka Neema akaruka.

"Mum! Unachoma skati yangu!"

Harufu ya kitambaa kilichoungua ilijaa sebuleni. Nilichomoa pasi, nikaenda nikasimama nyuma ya kochi, nikaitazama picha ile mpaka mwisho. Zilikuwa zimebaki dakika chache tu. Nilikuwa nimezisubiri tangu nikiwa na miaka tisa, na sikumweleza Neema kwa nini nilikuwa nikilia.

Sisi tulikulia Mbotela, Nairobi, kwenye nyumba za kanso, yaani za baraza la jiji, laini baada ya laini, chumba kimoja kwa familia, bomba moja na vyoo vya pamoja huko mwisho. Milango yetu haikusema fyuu. Ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya bluu ambayo mtu wa kanso alituletea mara moja kisha akatusahau, na mvua ya miaka mingi ilikuwa imeila kwa chini. Wa kwetu ulikuwa umebaki na pengo la kupitisha kiganja. Mama alikuwa akiliziba kwa gunia wakati wa baridi, na asubuhi gunia likitolewa ungeweza kujua nani amekuja kwa kutazama miguu yake tu.

Mlango uliofuata ulikuwa wa kina Zuhura. Baba yangu alikuwa mtu wa kiwandani, mzaliwa wa magharibi ya nchi, na nyumbani kwetu kulinukia dagaa wa omena na sabuni ya kipande. Kwao walikuwa watu wa Pwani, na kulinukia iliki. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Swaleh kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kila asubuhi mlangoni pake. Zuhura alizungumza Kiswahili kilichonyooka mpaka tukamcheka. Sisi tulisema "ako wapi", yeye alisema "yuko wapi", na akiwa na miaka tisa aliniita "mwenzangu" kama mama mtu mzima anayekwenda harusini. Nilimpenda sana. Nalisema sasa kwa sababu wakati ule sidhani nilimwambia.

Zuhura alikuwa na kasoro moja tu: hakujua kudanganya. Si kwamba alikataa. Alikuwa hajui, kama watu wengine wasivyojua kupiga mluzi. Mimi nilijua sana.

Ndivyo nilivyofika kwenye kibanda cha video. Jumamosi alasiri nilitakiwa kuwa mazoezini, kwaya ya watoto kanisani, na nilikuwa nikipita kanisani kweli, nikionekana vizuri na mwalimu, nikiimba wimbo mmoja, kisha naomba ruhusa ya kwenda msalani na sirudi. Kibanda kilikuwa cha mabati, kimezibwa mwanga kwa magunia, na ndani kuna televisheni moja juu ya kreti za soda. Mwenyewe tulimwita Kapteni. Alikuwa akisimama kando ya televisheni na fimbo, akitueleza yanayosemwa, maana Kizungu cha puani kilitupita wengi wetu. "Huyu hapa ndiye staringi," alikuwa akisema, akimgonga mtu kwenye kioo kwa fimbo. "Mshikeni sura. Na huyu ni adui, msidanganywe na meno."

Atakayesoma haya na alikulia mitaa yetu anajua: ukiona picha Jumamosi, wewe ni mtu mkubwa mpaka Jumatano. Watoto waliokatazwa kwenda, na walikuwa wengi, walikuzunguka kwenye ngazi za mlangoni uwasimulie. Kusimulia kulikuwa na sheria. Unamtaja staringi kwanza. Risasi unazipiga kwa mdomo. Huruki kipande. Na kulikuwa na sheria kuu ambayo hakuna aliyewahi kuihoji: staringi hafi. Atapigwa na jeshi zima, atachana shati lake ajifunge mkono, lakini hafi. Picha ambayo staringi anakufa haikuwa picha, ilikuwa wizi.

Zuhura alikuwa msikilizaji wangu mkuu, kwa sababu baba yake asingemruhusu hata kupita karibu na kibanda. Nami nilimsimulia kuliko nilivyowasimulia wengine. Nilimwongezea vitu.

Ile picha ya mlango niliiona wakati Mama Swaleh amelazwa hospitalini. Nilimuuliza mama yangu, akanijibu, "Amelazwa kidogo tu." Kwa akili yangu, kulazwa ilikuwa kulala mahali pengine. Watu walilazwa, wakapelekewa machungwa, wakarudi wamenenepa. Tena nilimwonea Zuhura kijicho, kwa sababu alipanda gari kila Jumapili kwenda kumwona, ingawa hakuwa akimwona hasa. Watoto wadogo hawakuruhusiwa kupanda wodini. Alikuwa akisimama chini kwenye nyasi, mama yake anapunga mkono dirishani, ghorofa ya tatu, na kengele ikilia askari anafunga mlango na watu wanarudi nyumbani. Alinieleza haya yote bila kulia, nami nikamuuliza kama gari walilopanda lilikuwa na muziki.

Basi, picha yenyewe. Staringi alikuwa mwanamke, jambo ambalo lilizua kelele kibandani. "Mama hawezi kuwa staringi!" wavulana walipiga kelele, na Kapteni akawanyamazisha kwa fimbo. Alikuwa fundi wa chombo cha angani. Kitu kimeharibika nje, anavaa kofia na nguo nene, anatoka kukitengeneza huku amefungwa kamba. Anakitengeneza. Anaporudi, mlango unakataa kufunguka. Waliomo ndani wanabonyeza kila kitu. King'ora kinalia, hewa yake inapungua, tunamwona akigonga kwa kiganja kutoka nje, na hakuna sauti kwa sababu huko juu hakuna sauti, ila pumzi yake tu.

Halafu stima ikapotea.

Tulingoja gizani, watu wakapiga miluzi, Kapteni akasema turudi kesho. Kesho yake kanda ilikuwa imesharudishwa kwa mwenyewe. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Jumapili jioni Zuhura aliporudi kutoka hospitali nilimkalisha kwenye ngazi nikamsimulia. Niliisimulia vizuri mno. Nikapiga king'ora, nikahema ndani ya sufuria ili sauti itoke kama ya kofia. Katikati akaniuliza, "Ana mtoto huyo mama?"

Picha haikuwa imetaja mtoto. "Ako na msichana," nikasema. "Ako ndani ya hiyo ndege, anamwangalia mama yake kwa dirisha."

Nilipofika mlangoni nikanyamaza. Ningesema tu kwamba stima ilipotea. Lakini mtu mkubwa hakosi mwisho wa picha yake, na pia, nikiri, nilipenda vile alivyonitazama. "Nitakumalizia kesho," nikamwambia.

Wiki nzima aliniuliza. Kwenye bomba, akinisaidia kunyanyua mtungi ambao haukuwa wake: "Mwenzangu, mlango ulifunguka?" Njiani kwenda shule: "Niambie hilo moja tu. Ulifunguka?" Nami kila mara nikasema kesho. Nilidhani ana hamu ya picha. Kila mtu alikuwa na hamu ya picha zangu.

Alhamisi tulicheza kati na wasichana wa laini ya pili. Wacha niseme hapa kwamba michezo ya siku hizi, ile ya Neema ya kwenye tableti, ina sheria ambazo mashine inazijua na huwezi kubishana nayo. Hiyo si raha. Nusu ya kati ilikuwa mabishano. Mpira tuliutengeneza kwa karatasi za nailoni tukazisokota ndani ya soksi kuukuu. Wawili wanarusha kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa. Ukigongwa, umetoka. Lakini aliyebaki wa mwisho akikwepa mipira kumi, anaokoa: wote waliotoka wanarudi. Sijui mchezo mwingine duniani wenye huruma kama hiyo.

Siku hiyo nilibaki mimi. Wenzangu wote, Zuhura akiwamo, wamesimama kando wananihesabia. Nane. Tisa. Wa kumi ulipita chini, nikaruka, nikasikia kitu kwenye mguu, kidogo tu.

"Umetoka!" Atieno wa laini ya pili akapiga kelele.

"Zi! Imegusa nguo tu!"

"Wacha uongo! Apa!"

"Haki ya Mungu, nguo tu!"

Tukavutana mpaka Atieno akapata wazo. "Zuhura aseme. Alikuwa hapo karibu, na Zuhura hadanganyi."

Wote wakamgeukia. Nilimkazia macho. Alinitazama kwa huzuni kabisa, kisha akasema, "Imekugusa, Nekesa. Mguuni."

Wa kwangu mwenyewe. Mbele ya laini ya pili. Nilitembea mpaka nyumbani bila kugeuka, na nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Jua halijazama akaja, akakaa kwenye ngazi kando yangu. Hakuomba msamaha kwa sababu hakuwa na kosa. Alisema tu, "Haya, nimalizie ile picha. Tafadhali."

"Alikufa," nikasema.

"Nani?"

"Staringi. Mlango ulikataa. Hewa iliisha akafa huko nje."

"Staringi hafi."

"Huyu alikufa."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na yule msichana wake?"

"Alibaki peke yake," nikasema, nikaingia ndani.

Mama Swaleh alifariki Jumamosi. Nilizinduka asubuhi kwa kilio cha wanawake upande wa pili wa ukuta, na kabla hata mama hajafungua mdomo kunieleza, nilikuwa nimeelewa alichokuwa akiniuliza Zuhura wiki nzima. Alikuwa ameufungamanisha mlango ule na mlango wa wodi ya mama yake. Alitaka nimwambie umefunguka, na mimi, niliyekuwa naongeza watoto na risasi kila siku bila kuombwa, nikashindwa kuongeza neno hilo moja. Mbaya zaidi, niliamini nimefanya jambo. Mtoto wa miaka tisa haoni tofauti kubwa kati ya kusema na kutenda. Nilikuwa nimesema mama anakufa, na mama amekufa.

Mama yangu alijifunga leso, akachukua sufuria yetu kubwa kwenda kusaidia. "Nenda ukakae na mwenzako," akaniambia. Nikasema tumbo linaniuma. Alinigusa paji la uso, akaniacha kitandani. Akatoka na kunirudishia mlango, nami nikainuka nikaweka komeo.

Niliposikia hatua nje nilikuwa nimesimama pale pale. Gunia lilikuwa limetolewa, na kwenye pengo nikaona sandali za plastiki za Zuhura, za waridi, kamba moja imeshonwa kwa uzi mweusi. Akagonga kwa kiganja, polepole.

"Nekesa."

Sikuhema.

"Nekesa, nifungulie."

Sijui alisimama kwa muda gani. Kwangu ilikuwa kama siku nzima. Niliona kidole kimoja cha mguu kikipanda juu ya kingine, kikashuka. Nilikuwa na hakika amekuja kuniambia nimemuua mama yake, na kwamba nikifungua atalisema, na likisemwa laini yote italijua. Mwishowe sandali ziligeuka zikaenda.

Mama Swaleh akazikwa siku ile ile. Kwa siku zilizofuata nilikuwa hodari wa kujificha kuliko nilivyowahi kuwa kwenye mchezo wowote: nilichota maji alfajiri, nilizunguka nyuma ya vyoo kwenda shule. Haukupita mwezi, baba yao akawarudisha Pwani kwa bibi yao. Nililiona gari likipakiwa magodoro, nikiwa nyuma ya dirisha letu. Familia nyingine ikaingia, ya watu wasiopika chochote chenye iliki.

Ndiyo maana Jumapili ile nililia nyuma ya kochi la binti yangu. Picha haina mtoto ndani yake hata mmoja, nilikuwa nimekumbuka sawa. Na mlango ulifunguka. Hata hawakutumia ujanja mkubwa: mtu mmoja wa ndani aliushika kwa mikono akauvuta.

Nambari ya Zuhura niliipata kwenye kundi letu la simu la waliokulia Mbotela, ambalo kazi yake kubwa ni kutangaza misiba na kubishana kuhusu nani yuko kwenye picha za zamani. Ilinichukua wiki mbili kupiga. Anaishi Mombasa, anafundisha chekechea.

"Nekesa wa mlango wa pili?" akauliza, akacheka, na kicheko hakikuwa kimebadilika. Tukaulizana habari za watoto na za wazee waliotutoka. Kisha nikamwambia kuna picha moja nilimsimulia zamani.

"Ya mama aliyefungiwa nje," akasema papo hapo.

"Nilikudanganya, Zuhura. Sikuuona mwisho. Stima ilipotea."

"Najua. Swaleh alikuwamo humo kibandani, amejibanza nyuma, akiogopa baba asijue. Niliingia nyumbani nalia, akaniambia, 'Nekesa kauona wapi mwisho na sote tulikaa gizani?'"

Nilikaa chini kwenye kiti cha jikoni. Nikamweleza lile lingine, nililolibeba muda wote huu, kwamba nilidhani nimemuua mama yake na kwamba yeye alidhani hivyo pia.

"Mama alikuwa mgonjwa tangu kabla ya Ramadhani," akasema. "Watu wazima wote walijua. Sikukuwazia hilo hata siku moja, mwenzangu. Kilichoniuma ni siku ile nilipokuja kugonga."

"Nilikuwa—"

"Ulikuwa ndani. Nilikiona kidole chako. Ulivaa soksi ya kijani, imetoboka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama alivyosema siku ya kati, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. "Kwetu kulijaa watu wanalia, sikuwa na pa kukaa. Nilitaka tu nije nikae kwenu kidogo."

Miaka yote hii nimezitazama sandali zile kupitia pengo la mlango, na haikunijia hata mara moja kwamba pengo lina pande mbili.

Nilimwomba anisamehe. Akasema alishanisamehe siku nyingi, akiwa bado msichana, na nikaumia zaidi, kwa sababu hiyo nayo alikuwa ameifanya peke yake. Kisha nikasikia akivuta kiti huko aliko.

"Haya," akasema. "Sasa nimalizie."

"Hukuwahi kuitazama?"

"Nikaitazame na nani?"

Nikaanza kama zamani. Nikapiga king'ora kwa mdomo, vitatu vifupi na kimoja kirefu. Nikahema ndani ya kikombe. Safari hii sikumtia mtoto. Nilipofika pale mkono unapougonga mlango kutoka nje, sauti ikaniishia, na Zuhura, upande wa pili wa simu, akangoja.